Zimwi Anapokuwa Mhusika: Maoni Juu ya Rasimu ya Tafsiri

Tumepata kuisoma rasimu ya tafsiri ya kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika na kueleza atendalo. Msimamizi husimulia yanayofuata, na penye shaka hurushwa dadu. Kwa kawaida mazimwi ni ya msimamizi, nayo huwapo ili yapigwe. Hata hivyo, toleo lile la kwanza lilimruhusu mchezaji kujitwalia hata joka, mradi aanze akiwa dhaifu. Mwaka 1978 alikubaliwa mhusika aliye nusu orki, yaani nusu ya lile dubwana la vita tulijualo katika riwaya za Tolkien. Na katika kitabu cha wachezaji cha 2024 orki kamili yumo.

Mfasiri anastahili pongezi, kwani lugha yake ni nyepesi na istilahi za msingi amezitumia kwa uthabiti. Yako, hata hivyo, mambo mawili ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Katika ukurasa mmoja twasoma “zimwi lilifungua mlango” na “zimwi alifungua mlango” bila sababu yoyote. Wahenga walinena: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ngeli hiyo ya li-/ya- ndiyo iliyozoeleka, na hubeba hofu na dharau. Ndiyo maana mtu tumchukiaye humwita “jitu hili”. Lakini zimwi lililotwaliwa na mchezaji lina jina, lina rafiki, na huweza kujuta. Twapendekeza basi kwamba zimwi la msimamizi libaki katika li-/ya-, na zimwi wa mchezaji apewe a-/wa-. Hivyo msomaji atatambua kwa kiambishi kimoja tu kwamba adui amekuwa mwenzi. Lugha nyingi hazina nyenzo hii. Tusiipoteze kwa uzembe.

La pili ni zito zaidi. Kundi la viumbe ambamo mhusika huzaliwa, mfasiri ameliita “kabila”. Tena amefuata kitabu cha mwaka 2016, ambamo orki hupunguziwa alama 2 za akili. Matokeo yake ni sentensi isemayo kwamba kabila fulani huzaliwa na akili pungufu. Mtoto wa shule ataisoma katika neno lile lile alitumialo kwa jirani yake. Hatuhitaji kueleza ni maafa gani yamezuka katika nchi zetu kwa fikra ya namna hiyo.

Wachapishaji wenyewe waliifuta kanuni hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 wakatangaza kuliacha neno lao la zamani na kushika lile la wanabiolojia. Nasi tunalo “spishi”, lililokwisha kuzoeleka madarasani. Wako watakaosema ni kavu mno kwa mchezo. Ni kweli, lakini ukavu ni kasoro ndogo, na “kabila” ni kosa.

Twashauri rasimu isichapwe kabla ya kusahihishwa, na twawaalika walimu na wafasiri watuletee mapendekezo yaliyo bora kuliko haya.