Kumsikiliza Anayetafuta

Mama anayeuza samaki Tanga anafungua friji alfajiri na kukuta barafu imekuwa maji. Anachukua simu na kuandika maneno mawili: "friji haigandishi". Mtaa wa pili yupo fundi hodari mwenye tovuti yake, tena aliyoilipia, na kichwa cha ukurasa wake wa kwanza kinasomeka "Karibu Kwenye Suluhisho za Kisasa za Majokofu". Wawili hawa hawatakutana.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuwakutanisha, nami ni mmoja wao. Wenyewe tunaiita SEO, na walio nje huidhani kuwa mbinu za kuihadaa Google. Mimi naipenda kwa sababu sijaona kazi ya uandishi inayomlazimisha mwandishi kumsikiliza msomaji wake kiasi hiki.

Anayeanza kumiliki tovuti inafaa ajue kwanza mtambo wa utafutaji unavyofanya kazi. Programu zake hupita kurasa usiku na mchana zikifuata viungo, na kila zinachokisoma hukihifadhi kwenye faharasa. Mama yule anapouliza, mtambo haukimbii kuzunguka intaneti. Hufungua faharasa yake na kupanga majibu. Ukurasa ambao haujasomwa hauna mahali pa kupangwa, hata uwe mzuri vipi. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza faili liitwalo robots.txt, ambamo mwenye tovuti huziambia programu hizo zipite wapi na wapi zisiguse. Mpaka leo mstari mmoja ndani yake, Disallow: /, huziambia zisiisome tovuti nzima. Watengenezaji huuweka kazi ikiwa bado haijakamilika, kisha tovuti inafunguliwa na mstari ungali pale. Ndiyo maana nikiletewa tovuti isiyoonekana popote, huanza kuchungulia hapo.

Kisha kuna viungo. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford waliiona nguvu yake: ukurasa mmoja ukiunganisha kwa mwingine, ni kama mtu anayemdhamini mwenzake, na dhamana huwa na uzito wa anayeitoa. Makala yao ya mwaka 1998 ndiyo iliyoeleza msingi wa Google. Bila shaka watu walianza kununua dhamana, wengine wakajaza kurasa kwa neno moja lililorudiwa mpaka likapoteza maana. Mwaka 2009 Google ilitangaza hadharani kwamba orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa haiipi uzito wowote inapopanga matokeo. Mwaka 2012 ikaanza kuzishusha tovuti za viungo vya kununua. Nilifurahi. Kila mlango wa udanganyifu ulipofungwa, wanaoandika kwa uangalifu walipata nafasi zaidi.

Lakini moyo wa kazi hii ni kichwa cha ukurasa, ule mstari unaojitokeza kwenye matokeo. Kikizidi herufi sitini hivi, hukatwa. Ndani ya nafasi hiyo finyu unatakiwa useme wewe ni nani, uko wapi na unamsaidia nani. Yule fundi anahitaji kitu kama hiki: "Fundi wa Friji Tanga: haigandishi, inavuja, haiwaki". Wateja wake husema friji, kwa hiyo friji ndiyo itangulie; jokofu lipate nafasi ndani ya maelezo, maana wapo wanaoliandika. Maneno haya hayatungwi mezani. Simama kwenye karakana nusu siku, sikiliza simu zinazoingia, andika jinsi watu wanavyolalamika: "inagandisha juu tu, chini haipoi", "inanguruma halafu inazima". Hivyo ndivyo vichwa vya kurasa zako.

Na chini ya kichwa kuwe na jibu la kweli. Mwambie mama yule afungie kipande cha karatasi mlangoni mwa friji, kisha akivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inatoroka. Kikishikwa vizuri pande zote, basi tatizo liko kwingine, labda gesi, labda kompresa, na hapo ndipo fundi anapohitajika. Fundi aliyempa maelezo hayo bure ameshaanza kuaminiwa.

Picha nazo zisisahaulike. Picha ya megabaiti nne iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera hula bando la mteja, na wengi huondoka kabla haijafunguka. Ipunguze ifike kilobaiti mia moja hivi. Ipe maelezo ya maandishi pia: "mpira wa mlango wa friji uliopasuka". Mtambo utayasoma, na asiyeona atasomewa na simu yake. Napenda sana kwamba kazi moja inawafaa wote wawili.

Baada ya miezi michache, fungua Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonyesha maneno yaliyowaleta watu kwako. Humo utakuta swali ambalo hukulifikiria: "friji inavuja maji chini". Mara nyingi ni kitundu cha kupitishia maji ya barafu kilichoziba kwa uchafu, na mtu anaweza kukizibua mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu. Ukurasa wake bado haupo. Uandike leo.