Umayime na Mkono Unaojizuia

Klivia hufa kwa kudekezwa. Yungiyungi hili la misitu ya KwaZulu-Natal na Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, Wazulu huliita umayime. Jina la klivia lilitokana na ukoo wa Clive wa Uingereza, mwaka 1828, na wenye msitu hawakuulizwa. Humea chini ya miti mikubwa, juu ya majani yaliyooza, hata kwenye nyufa za miamba palipo na udongo kiduchu, kwa kuwa mizizi yake minene huweka akiba ya maji. Anayeimwagilia kila asubuhi kwa huruma huiozesha. Anayeitoa juani ipate nguvu huyababua majani. Ustadi wa mkulima wake, basi, umo katika kujizuia.

Mtu atauliza: kama kazi ni kuacha, ufundi uko wapi? Msitu haujawahi kuajiri mtunza bustani. Kweli, lakini msitu una mteremko, upepo na majani yanayodondoka yenyewe. Chungu cha maua hakina hata kimoja. Mkulima huchanganya maganda ya miti yaliyooza na changarawe ili maji yasituame, kisha hutafuta kivuli ambacho mwanga hupenya kwa vipande. Kipupwe kikifika, hupunguza maji karibu kuyakata na kuuacha mmea uonje baridi, la sivyo kikonyo hakirefuki na maua ya rangi ya chungwa hufumbuka yakiwa yamebanwa shingoni mwa majani. Mbegu ndiyo huwashinda wengi. Tunda huchukua miezi 9 hivi kuiva. Mbegu haifukiwi, hubonyezwa tu juu ya mchanga wenye unyevu. Na ua la kwanza huja baada ya miaka 3 hadi 5, pengine zaidi.

Sururu ni ya haraka kuliko kungoja miaka hiyo, na klivia za porini zimeng'olewa sana kwa ajili ya masoko ya dawa za asili. Wapo wanaoshikilia kuwa dawa ya msituni ina nguvu kuliko ya bustani. Siibezi hoja hiyo: mmea ulioshibishwa mbolea si sawa na uliohangaika. Ila hiyo ni sababu ya kulima kwa mkono mgumu zaidi, si ya kung'oa. Isitoshe, klivia iliyokomaa huchipuza watoto ubavuni, wanaotengwa bila kumuua mama. Ukiuziwa klivia kubwa kwa bei ya chee, mizizi imekatwakatwa, uliza ilikochimbwa kabla hujatoa pesa.