Ufundi wa Kutunga Wimbo Unaoimbwa na Wote

Ujasiri wa kuchukua muziki unaopendwa nje ya kanisa na kuutia maneno ya imani umejitokeza katika nchi nyingi na kwa sura mbalimbali. Nchini Marekani ujasiri huo ulizaa roki ya Kikristo, yaani muziki wa magitaa ya umeme na mdundo mzito unaobeba ujumbe wa Injili, na albamu ya Larry Norman iitwayo Upon This Rock, iliyotoka mwaka 1969, huhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za aina hiyo. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1966, Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisomea uchungaji katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Makumira, karibu na Arusha nchini Tanzania, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao "Mfurahini, Haleluya" na kuuweka juu ya lahani ya Kihaya, yaani mwendo wa sauti uliokuwa tayari mali ya Wahaya wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera.

Uzito wa tendo hilo huonekana mtu akikumbuka hali iliyolitangulia. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910 walileta nyimbo za makwao, na tafsiri zake zikapangwa juu ya lahani zilizotungwa kwa lugha nyingine. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya nyimbo za Ulaya hufunga kwa silabi yenye nguvu. Kwa hiyo mwimbaji alilazimika kuisukuma silabi ya mwisho, na neno likatoka likiwa limepinda. Wakati huohuo Buhaya, nchi ya Wahaya, ilikuwa na sanaa yake iliyokomaa, hasa ile ya enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika gogo la mti na kutobolewa uvungu, ambayo manju huipiga huku akisimulia tendi za mashujaa na watawala. Mmoja wa manju hao, Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, aliandikiwa makala na mtaalamu wa fasihi M. M. Mulokozi.

Ufundi wa Kyamanywa uko katika kiasi. Beti zake husimulia kisa cha kaburi tupu hatua kwa hatua, kutoka tangazo la ufufuko hadi maneno ya malaika na agizo la kwenda kueneza habari, na baada ya kila ubeti hurudi kiitikio, yaani sehemu isiyobadilika ambayo waumini wote huidaka. Mpangilio huo ni wa busara kubwa, kwa kuwa asiyejua kusoma huingia katika wimbo kupitia kiitikio, na anayejua hubeba masimulizi, hivyo hakuna anayebaki msikilizaji tu.

Ndiyo sababu wimbo huo ulisafiri mbali. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, aliuingiza katika mkusanyo wake Tumshangilie Mungu na kuutafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutolea matini ya Kijerumani, na leo ni wimbo namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Nchi iliyowahi kupeleka nyimbo zake Bukoba sasa huimba Pasaka kwa lahani ya Kihaya, na heshima hiyo ilipatikana kwa ubora wa kazi yenyewe.

Safari ya bendi, kama zile za roki ya Kikristo, hupimwa kwa albamu na ziara zake, na kwa kawaida hukoma waanzilishi wanapoacha jukwaa. Safari ya wimbo wa ibada hupimwa kwa idadi ya watu wanaoweza kuuendeleza pasipo mtunzi. Kwaya za Kagera, kuanzia za mjini Bukoba na kata zake kama Kibeta hadi za vijiji vya Muleba, zina haki ya kutumia kinanda cha umeme, gitaa na studio, kwa maana vyombo hivyo ni watumishi wema. Hata hivyo, mwalimu wa kwaya anayewafundisha vijana sauti nne anapaswa pia kuwaketisha karibu na wazee wanaojua enanga na nyimbo za ngoma, aziandike lahani zao kwa nota, na kuchunguza namna zinavyobeba maneno, kwa sababu mtunzi ajaye hawezi kujenga juu ya lahani ambayo hakuna aliyemrithisha.