Nyuzi Kumi za Shiley

Niseme mapema tusipotezeane muda: kuifungua vali ile hadi nyuzi 70 lilikuwa kosa.

Mnaofuatilia mambo haya mnaijua Björk-Shiley, vali bandia ya moyo. Pete ya chuma, kisahani kimoja cha kaboni, vishikizo viwili vya waya. Toleo lenye kisahani kilichobonyea huku na kubinuka kule liliruhusiwa Marekani mwaka 1979, likifunguka nyuzi 60. Kwa upande wa mkondo wa damu, kazi safi. Lakini kampuni ya Shiley ya California ikataka nyuzi kumi zaidi.

Walichokifuata nakielewa. Kisahani kikiinama zaidi, damu hupita kwa nafasi na hailali nyuma yake. Damu isiyolala haigandi ovyo. Kwenye bomba la maabara nyuzi 70 zinapendeza. Ila damu ikishapita kisahani hurudi, na sasa kinarudi kutoka mbali. Kikifika hupitiliza kidogo na kugonga ncha ya kishikizo cha upande wa kutokea damu, nacho kishikizo hicho kimechomelewa tu kwenye pete. Moyo wa mapigo 72 kwa dakika hufunga vali karibu mara milioni 38 kwa mwaka. Muulize fundi yeyote wa mageti hapa Kikuyu: upepo ukilibamiza geti kutwa kucha, ni nini kinachoachia kwanza? Pale alipochomelea. Waya ukakatika mguu mmoja, halafu wa pili, kisahani kikachomoka, mtu akabaki na tundu wazi moyoni. Kati ya waliopatwa na hayo, takriban theluthi mbili walikufa.

Na hapa narudia wimbo wangu, mnichoke msinichoke: wapimaji wanapenda vali ikiwa wazi. Namba za wazi zinauzika. Leonardo da Vinci, mnamo 1513, alijaza nta kwenye moyo wa ng'ombe ili apate umbo la kutengenezea aota ya kioo, kisha akawaza maji yenye mbegu za nyasi yapite humo. Alichora maji yakijizungusha kwenye vifuko vilivyo nyuma ya vijani vya vali, akasema mzunguko huo ndio unaovifunga. Kufunga! Bellhouse wa Oxford alilithibitisha kwa vipimo mwaka 1968: vijani huanza kujirudi mkondo ukipunguza kasi, hata kabla damu haijageuka. Vali tuliyozaliwa nayo haibamizi. Wazee hao wangeuliza kisahani kinatua vipi kabla ya kuuliza kinafunguka kiasi gani.

Baadaye ikatoka Monostrut, pete na kishikizo kipande kimoja, bila kuchomelea. Sawa.

Lakini vali kama 86,000 za toleo lile la kisahani kilichobonyea, za nyuzi 60 na za nyuzi 70 pamoja, zilikuwa zimeshapandikizwa kabla halijaondolewa sokoni mwaka 1986. Zile za nyuzi 70 Marekani haikuruhusu ziuzwe kwake. Ziliuzwa kwingineko.