Kipokezi Kisichopokea na Protini Isiyo Bandia

Miongoni mwa istilahi zilizofikishwa mezani petu ili zitolewe maoni imo orodha fupi ya maneno ya utafiti wa saratani, iliyotungwa na wafasiri wa fomu za ridhaa, yaani karatasi anazosomewa mgonjwa kabla hajakubali kushiriki katika utafiti. Orodha hiyo yastahili sifa kwa mengi. Hata hivyo, istilahi moja, "protini bandia ya binadamu", imetulazimisha kushika kalamu, kwani ina makosa mawili ndani ya maneno manne.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Mfano ulio wazi ni HER2, protini iliyopenya utando wa seli, sehemu yake moja ikiwa nje na nyingine ndani. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba katika baadhi ya saratani za matiti jeni ya protini hiyo imejirudufu kupita kiasi, na kwamba wagonjwa wa namna hiyo ugonjwa huwarudia upesi zaidi. Ujuzi huo ulizaa dawa ya trastuzumab, ambayo ni kingamwili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ili kuzipima kingamwili za aina hii, maabara huhitaji HER2 safi na kwa wingi. Hiyo haikamuliwi mwilini mwa mtu. Jeni ya binadamu huunganishwa na kipande cha DNA cha kuibeba, ikatiwa katika seli zinazokuzwa maabara, mathalani zile zenye asili ya ovari ya hamsta, nazo seli hizo hufuata maagizo ya jeni ile na kuitengeneza protini.

Sasa tulitazame neno "bandia". Ni kweli kwamba meno bandia hayamdanganyi mtu. Lakini penye habari za tiba, jirani wa karibu wa neno hili ni "dawa bandia", na mgonjwa aliyelala kitandani hana sababu ya kuchagua maana iliyo njema. Tena neno halisemi kweli: mfuatano wa asidi amino unaofuatwa ni ule ule wa binadamu.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo limejificha katika kiunganishi kidogo "ya". Damu ya binadamu ni damu iliyotoka kwa binadamu. Kwa nini protini ya binadamu isieleweke vivyo hivyo? Katika nchi zetu masimulizi ya mumiani hayajasahaulika, na hatuyataji kwa kuwacheka wanaoyasimulia. Mfasiri atakayempa mgonjwa nafasi ya kudhani kwamba watu wamekamuliwa ili yeye afanyiwe utafiti hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika lugha ya asili.

Wapo wanaopendelea "protini rikombinanti". Wataalamu wakiandikiana wao kwa wao, hatuna ugomvi nao. Katika fomu neno hilo halimwambii msomewaji lolote. Sisi twapendekeza tuazime kwa wakulima. Huko Muheza mkulima hubebesha kikonyo cha mchungwa juu ya shina la mlimau, na matunda yake huitwa machungwa wala si malimau. Basi na tuseme "protini ya jeni bebeshwa". Mlinganisho huu una upungufu, kwani katika kubebesha miti jeni hazichanganyiki, ilhali maabarani vipande vya DNA huungwa hasa. Hata hivyo unaeleza jambo linalohitajika: kinachozaa ni kingine, na zao ni la asili iliyopandikizwa.

Kuhusu "kipokezi", tumepokea pingamizi la kuvutia. Mjumbe mmoja ametukumbusha kwamba hadi leo haijajulikana molekuli yoyote ya mwilini ambayo HER2 huipokea moja kwa moja; hufanya kazi kwa kuungana na ndugu zake wa ukoo mmoja. Hoja ni ya kweli, lakini haitoshi kuliondoa neno. Meno ya msumeno hayatafuni, na hakuna seremala aliyelalamika. Istilahi hutaja ukoo wa kitu pia, si kazi yake peke yake.

Jambo ambalo hatuwezi kulifumbia macho ni kwamba mara nyingi kinachotengenezwa maabara si kipokezi kizima. Ni sehemu ya nje tu, iliyokatwa ili iyeyuke katika maji. Haina sehemu ya ndani ya kupelekea ujumbe. Kuiita "kipokezi" bila kusema hivyo ni kukiita kitasa mlango.

Rasimu tumewarudishia watungaji, na mahali husika pasomeke: "sehemu ya nje ya kipokezi cha HER2, iliyotengenezwa maabara kwa jeni bebeshwa yenye asili ya binadamu". Ni maneno mengi, twakiri. "Bandia" tumelikata kwa wino mwekundu.