Kichwa na Masikio Yake: Kiti cha Mtawala wa Aburĩria

Neno rais tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ni ra's, yaani kichwa. Aitwaye hivyo hukaa juu ya wenzake kama kichwa kikaavyo juu ya kiwiliwili. Lakini kichwa kimeumbwa na sikio kila upande, na hapo ndipo msomaji wa riwaya za utawala anapoweza kuanzia kazi yake. Na aulize: mkuu huyu wa serikali anasikia kwa masikio ya nani?

Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linalofungua mlango wa riwaya kubwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyefariki mwezi Mei 2025. Mũrogi wa Kagogo ilianza kuchapwa kwa Kigikuyu mwaka 2004. Mwaka 2006 ikatoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri yake mwenyewe, ikiitwa Wizard of the Crow. Nchi inayosimuliwa ni Jamhuri Huru ya Aburĩria, ambayo haimo katika ramani yoyote. Mkuu wake hana jina. Anaitwa Mtawala, basi. Cheo kimemmeza mwenye cheo, hata hatujui mamaye alimwitaje.

Mawaziri wake, kinyume chake, wana majina, na majina hayo ni ya lugha yetu. Yuko Machokali, yuko Sikiokuu, yuko Mambo. Msomaji wa Ulaya hana budi kuelezwa. Msomaji wa Unguja au Lamu hucheka kabla mhusika hajafungua kinywa. Tena majina haya ni habari ya kweli ndani ya hadithi. Machokali alikwenda London, akapasuliwa macho yakuzwe, apate kuwaona maadui wa Mtawala popote wajifichapo. Akapewa uwaziri. Sikiokuu alipoona hayo akauza kiwanja cha babaye, akakopa kilichopungua, akaenda Paris kukuzwa masikio. Naye akapewa uwaziri. Mambo akarefushwa ulimi, nao ulimi ukazidi kinywa, ikabidi na midomo ikuzwe. Huyo akakabidhiwa habari.

Tusome kisa hiki polepole. Hakuna amri iliyotoka Ikulu kwamba wabunge wakatwe miili. Kila mmoja alikwenda kwa nauli aliyoitafuta mwenyewe. Kiti cha Aburĩria, basi, hakikuundwa na mkaliaji peke yake. Waliokizunguka wamekijenga kwa nyama zao, na katika kujenga huko wamekitoa kichwa viungo vyake. Macho sasa ni wizara, masikio ni wizara, ulimi ni wizara. Kilichobaki juu ya shingo ya Mtawala ni kofia.

Matokeo yake tunayaona. Machokali anapendekeza zawadi ya siku ya kuzaliwa: jengo litakalofika mbinguni, ili Mtawala azungumze na Mungu. Benki ya Dunia Nzima, kama ningethubutu kuiita hivyo kwa Kiswahili, inaombwa mkopo. Mjini Eldares watu wamepanga foleni za kutafuta kazi, foleni zisizo mwisho. Serikali inazitazama foleni hizo ikajaribu kuziita shangwe. Hapana sikio lililoziendea kuuliza.

Lakini ukurasa ulionichoma zaidi ni ule wa Rachael, mke wa Mtawala. Kosa lake ni swali moja, alilouliza mezani, juu ya mumewe na wasichana wa shule. Kwa swali hilo alifungiwa nyumbani, na saa ikasimamishwa pale pale lilipotamkwa. Chakula kikawa kile kile, wimbo ukawa ule ule. Mtawala angojea machozi, na machozi hayaji. Mtu aweza kuzima saa ya nyumba nzima asilisikie swali, na swali likabaki limekaa mezani.

Wasomaji wa Kenya hawakuhitaji kamusi kwa haya. Mwaka 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri na wengineo wamfuatishe kama kasuku. Mzaha wa Ngũgĩ haukutoka mbali.

Hapa hatuna budi kumkumbuka Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, nchi ni ya kifalme na imening'inia hewani. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Karama ajitetea kwa siku sita, akisimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na manufaa, wakalipwa kifungo. Mfalme anakaa na kusikiliza hadi mwisho, na mwisho huo ni uhuru wa Karama. Ajabu iliyoje, kwamba ufalme wa kubuni ulikuwa na masikio, na jamhuri ya kubuni, iliyozaliwa nusu karne baadaye, haina.

Hata hivyo sikubali kwamba Shaaban Robert ametupa dawa. Uhuru wa Karama unategemea subira ya mtu mmoja. Angekuwa mfalme mwenye haraka, siku ya pili isingefika. Wala Ngũgĩ hana salama kamili. Kichekesho chake kinazidi kiasi. Mtawala anavimba mwili huko Marekani kama puto, nasi tunamtazama kama jini la hadithi, tukasahau bunge na mahakama, ambavyo katika kurasa zake nyingi karibu havionekani. Ukicheka sana wajiondoa lawamani.

Kinachomwokoa ni mwisho wake mkali. Mtawala anaondoshwa, na kiti kinakaliwa na Tajirika, mfanyabiashara, anayejitangaza mfalme wa wafalme kwa majina ya Kirumi. Jamhuri imekuwa dola, na watu hawakuulizwa. Walioshangilia tangazo la kwanza wanashangilia la pili. Ndiyo maana naiweka riwaya hii juu ya nyingi za jinsi yake. Kumchora dikteta ni kazi nyepesi. Ngũgĩ amemchora mbunge akiuza kiwanja cha babaye ili akanunue masikio makubwa, na mbunge huyo tunamjua. Kila uchaguzi unapokaribia huja kutuomba kura, na sisi humpa.