Jina, Mwenye Jina na Mwenye Mali: Uhakiki wa Hadithi za Miracleman

Imekuwa desturi katika uhakiki kuitenga kazi ya sanaa na historia ya uchapishaji wake: ya kwanza hukabidhiwa mhakiki, ya pili huachiwa wanasheria na wakutubi. Mgawanyo huo hausimami mbele ya hadithi za katuni za Miracleman. Humo, swali la nani anayemmiliki shujaa lilikuwa dhamira ya hadithi hata kabla halijawa shauri la wanasheria.

Chimbuko lake lenyewe ni ugomvi. Mwaka 1941 kampuni ya National, wachapishaji wa Superman, iliishtaki kampuni ya Fawcett, nayo ya Marekani, ikidai kwamba Captain Marvel alikuwa ameigwa kutokana na shujaa wake. Mwaka 1953 Fawcett ilikubali kuacha kuzichapisha hadithi hizo. Mchapishaji Mwingereza aliyekuwa akizitoa kwa wasomaji wa kwao, L. Miller, alimtaka Mick Anglo abuni mrithi. Hivyo Marvelman akazaliwa mwaka 1954, akadumu hadi 1963. Alikuwa kiraka kilichoshonwa pale biashara ilipochanika.

Alan Moore alipomfufua katika jarida la Warrior mwaka 1982, pamoja na wachoraji Garry Leach na baadaye Alan Davis, hakukificha kiraka hicho, bali alikifanya kiini cha msuko. Mike Moran ni mwandishi wa habari anayeumwa kichwa na kuandamwa na ndoto, na amelisahau neno linalomgeuza kuwa shujaa. Neno lenyewe ni Kimota. Msomaji wa Kiswahili huenda akaliweka mara moja katika ngeli ya KI-VI, kumbe ni neno la Kiingereza lenye maana ya 'atomiki' lililosomwa kinyumenyume kwa kufuata sauti. Moran analikumbuka anapoliona limepinduka kwenye mlango wa kioo. Baadaye anagundua kwamba matukio anayoyakumbuka ya miaka ya hamsini hayakutukia kamwe: ni ndoto alizopandikizwa na mwanasayansi Gargunza, aliyezipata katika katuni za watoto. Maisha aliyodhani ni yake yalitungwa na mtu aliyemfanya mali.

Yaliyoipata kazi yenyewe yanafanana na hayo. Warrior iliacha kuitoa mwaka 1984. Kampuni ya Eclipse ya Marekani iliiendeleza kuanzia 1985, lakini shujaa akabatizwa upya kuwa Miracleman, kwa kuwa kampuni ya Marvel ililipinga jina lake la awali. Moore alimaliza sehemu yake katika toleo la 16, mwaka 1989. Neil Gaiman na mchoraji Mark Buckingham waliipokea hadi toleo la 24, mwaka 1993. Mwaka uliofuata Eclipse ikafunga shughuli zake. Mali yake ilinunuliwa na Todd McFarlane mwaka 1996, na mabishano ya haki yakaendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Marvel ilitangaza kwamba imenunua haki za Marvelman kutoka kwa Anglo. Waliolipinga jina ndio waliomnunua mwenye jina.

Kwa upande wa mtindo, sehemu ya mwisho ya Moore yaweza kulaumiwa kwa lugha yake nzito, iliyojaa tamathali. Lawama hiyo si sahihi kabisa. Msimulizi ni Miracleman mwenyewe, ambaye sasa anaitawala dunia kama mungu, amefuta fedha, na London imeangamizwa na Johnny Bates, aliyekuwa mwenziwe. Lugha yake imepanda hadi imepoteza mazungumzo. Ikilinganishwa na usemi mkavu wa Moran, tofauti hiyo ni hukumu. Moran anapanda mlimani, analitamka neno kwa mara ya mwisho, wala harudi. Liz, mkewe, anaukataa uungu anaopewa. Msimulizi mwenye maneno mengi kuliko wote hana neno la kumjibu.

Sehemu ya Gaiman inahitaji tahadhari nyingine. Inauliza watu wa kawaida huishije baada ya miungu kushinda, na inajibu kwa visa vifupi vya watu mbalimbali. Kisa kipya kilichofuata kilikatika baada ya matoleo mawili, kikaendelea tena mwaka 2022. Kwa takriban miaka thelathini katikati ya hadithi palisomeka kama mwisho wake. Ni rahisi kuusifu utata wa mwisho kama huo. Hata hivyo kimya cha sanaa na kimya cha aliyefilisika ni vitu viwili, na mhakiki asiyejua tarehe za uchapishaji hana njia ya kuvitofautisha.

Marvel ilipoanza kuzichapisha upya sehemu za Moore mwaka 2014, jina lake halikuwamo, kwa matakwa yake mwenyewe. Mahali pake palitajwa tu 'Mwandishi wa Asili'. Katika hadithi, mtu husahau neno na kuipoteza nafsi yake. Katika uchapishaji, mtunzi aliliondoa jina lake, na kazi ikabaki na sauti yake katika kila ukurasa. Haki ya kuchapisha yaweza kuuzwa na kununuliwa. Sauti hiyo haikuwamo katika mauzo, na kuitambua ndiyo kazi ya uhakiki.